Athari

Ijumaa hatuvai kofia za kampuni.
Tuliamua hivyo kwenye mkutano wa chama
uliokwenda hadi saa sita za usiku,
Muhenna akigonga meza kwa kidole:
"Mfuko huu ni wa siku ya mgomo,
si wa kuzolea tope mifereji ya watu."
Tukapiga kura. Mikono ishirini na tisa ikakubali,
minne ikakataa, wa kwake ukiwemo.
Alfajiri ndiye aliyefika wa kwanza,
na sepetu yake mwenyewe
na birika la kahawa.

Kutoka Sohar tulipanda na Wadi Jizi
kwa gari la kubebea mataruma:
wachomeleaji wawili, mpima ardhi,
Biju wa ishara, asiyejua kunyamaza,
Thuwayba wa stoo na jozi arobaini za glavu
alizozinunua kwa pesa yake,
na mimi, ambaye kazi yangu ni kokoto.
Miaka minne namwaga kokoto
na bado sijasikia treni ikizikanyaga.

Bi Shinuna alitungoja langoni, mikono kiunoni.
Kiswahili chake cha Wete
kikanishika sikio kama mama.
"Nyie wepi? Kampuni imewatuma?
Kamera iko wapi?"
Hatuna kamera, bibi. Ni chama.
"Cha siasa?"
Cha reli.
"Ahaa. Basi nyie ndio wenyewe."

Akatupitisha nyuma ya mitende iliyokauka ncha,
akatuonyesha, kwa kidole cha mguu, kandambili ikining'inia,
mdomo wa falaji. Umezibwa.
Na juu yake, hatua mia mbili tu, tuta letu:
limenyooka, zuri, ungelipiga picha,
na kalvati moja palipotakiwa matatu.
Mvua ya Aprili ilishuka kutafuta njia yake ya zamani,
ikatukuta sisi,
ikageuka na kokoto zangu mdomoni.

Nilizijua. Nyeusi, kali za pembe,
hazifanani na mawe ya wadi
yaliyolambwa na maji hata yakasahau hasira.
Za mwanzo niliziokota moja moja
kama mwizi anayerudisha,
kisha nikashika beleshi kama wenzangu.

Kutoa ni moyo, husemwa.
Labda. Mimi siku ile sikutoa kitu.

Adhuhuri tukaswali, tukala wali na papa mkavu.
Mpima ardhi akasimamisha chombo chake cha mwanga
ndani ya mfereji uliochimbwa
na watu wasio na hata miwani,
akasoma, akafuta kioo, akasoma tena.
"Mteremko uko sawa," akasema. "Kote. Uko sawa."
Biju akanyamaza.
Tuliliandika hilo katika kumbukumbu za chama.

Saa kumi, maji.
Kahawia kwanza, kama chai ya kambini,
halafu yasiyo na rangi, yenye haraka,
yakibeba kiatu cha mtoto na kokoa za tende.

Kule maji hayapimwi kwa lita.
Hupimwa kwa athari:
athari moja ni nusu saa
ya mfereji mzima kuwa wako.
Bi Shinuna anazo tatu,
mbili za urithi, moja aliibadilisha kwa bangili za harusi.
"Miezi mitano," akasema, hakuwa akitutazama,
"zamu yangu inafika. Maji hayafiki."
Hakutushukuru. Alivua kandambili,
akaingia mferejini na nguo zake.

Jumapili Muhenna aliandika barua kwa kampuni.
Makalvati mawili zaidi, chama hakiombi, kinadai.
Akanisomea mstari wa pili:
"kutokana na athari za tuta kwa kijiji."
Nikamuuliza, athari ngapi?
Akaitazama kalamu kitambo,
akakata, akaandika juu yake:
tatu, za Bi Shinuna binti Hamdun.
Za wengine bado tunahesabu.