Mgongo Mbele

Mpiga makasia huenda kinyumenyume.
Mstari wa mwisho hauoni, anaupa mgongo;
anachokiona ni alikotoka, vishimo viwili viwili
vya makasia juu ya maji, vikifumba kama macho.
Miaka kumi na minne nilisafiri hivyo katika ziwa la Galvė,
mgongo ukinitangulia kila mahali,
ukifika kwanza, ukishinda kwanza.
Si ajabu basi kwamba ndio uliotangulia kuchoka.

Haikuwa kwenye mashindano. Haikuwa hata na heshima:
niliinama kuokota soksi, nikapiga chafya.
Kitu kikachomoka chini ya pingili ya tano,
moto ukashuka pajani, ukapita nyuma ya goti,
ukatokea kwenye kidole kidogo cha mguu wa kushoto.
Mama alinikuta ushorobani saa mbili baadaye,
chali, nikihesabu mbao za dari.
Zilikuwa ishirini na sita, na moja imepasuka.

Picha ilionyesha uvimbe wa ukubwa wa dengu.
Mimi, mita moja na sentimita themanini na tatu,
niliyemvuta Skaistė na mtumbwi wetu mita elfu mbili
upepo ukitupiga usoni,
nimeangushwa na dengu.

Daiva wa kliniki hakunipa muujiza.
Alinipa mpini wa ufagio.
"Uguse kisogo, uguse mgongo, uguse kitokono.
Sasa inama, na pasiwe hata pamoja patakapoachana na mti."
Nikainama. Mti ukaanguka.
Nikauokota kwa vidole vya miguu, maana mikono haikufika.
Samaki mkunje angali mbichi;
nami nina miaka thelathini na mmoja, nimekwisha kaukia upepo,
nafundishwa upya kukunjika.

Novemba yote Mama alinivalisha soksi.
Alipiga magoti, hakusema neno,
ila siku moja alibinya kidole kidogo akauliza,
"Unahisi hapa?"
Nikasema ndiyo.

Skaistė aliniletea habari nisizoomba:
amepewa mwenzake, Ramunė, wa Kaunas, miaka kumi na tisa,
anavuta vizuri, lakini si kama wewe.
Hilo "lakini" nililitafuna wiki nzima.
Kocha Rimvydas alipiga simu, akasema, "Mwaka ujao upo."
Namjua. Maneno hayo huwaambia aliokwisha kuwafuta.

Daktari alisema kilichotoka kitaliwa na mwili wenyewe,
polepole, bila kuniaga.
Basi usiku nililala kwa ubavu, mto katikati ya magoti,
nikimsikiliza huyo mlaji.
Sikumsikia hata siku moja. Nilisikia friji.

Nakiri: ziwa lilipoganda Januari nilifurahi.
Nilitembea ufukoni dakika kumi na tano nilizoruhusiwa,
nikaitazama barafu ilivyowafungia wote nje,
mitumbwi imepinduliwa, imefunikwa theluji, migongo juu,
nikajiambia, sasa tuko sawa.
Kisha nikaona aibu, lakini sikuacha kufurahi.

Aprili barafu ikapasuka.
Skaistė alibeba mtumbwi wa mtu mmoja begani kwake.
Mimi nilibeba kasia, nikarudi, nikabeba la pili.
Dakika nane, Daiva alisema, na usivute, gusa tu.
Nikakunja nyonga wala si kiuno, nikachovya.
Vishimo viwili vikafunguka mbele yangu, vikafumba.

Katikati ya dakika ya tano nikasimamisha makasia
nikageuka, taratibu, mwili mzima kama mlango,
nikatazama ninakokwenda.
Miaka kumi na minne, na sikuwahi kujua
kwamba upande ule kuna nyumba ya rangi ya njano
na mtu anaanika shuka.

Kidole kidogo bado hakina habari.
Nilirudi gatini dakika ya saba.
Ya nane nimeiweka.