Pande Tatu

Kwetu Msuka, merikani ilikuwa nguo.
Si nchi, si watu.
Jora la rangi ya maziwa yaliyolala,
ukilipasua hulia mara moja, kwa ukali,
kama mtoto aliyefinywa.

Mwaka ule wa vita nguo ziliuzwa kwa kadi
na kadi zikamalizika nguo hazijafika.
Wanawake walitia viraka juu ya viraka.
Konde watu walizikwa kwa majamvi.
Bibi yangu, Mize binti Faki, alikuwa nayo,
kainunua kwa karafuu za kabla ya shida,
kaikunja kashani pamoja na vijiti vya udi:
pande tano, kadiri ya mwanamke,
zake, za siku yake.

Ndege ilipita chini, alfajiri, ikikohoa,
kuku wakaingia uvunguni.
Upande wa Ras Kigomasha
bahari ikapiga kofi moja.

Bibi alikuwa pwani akifukua makumbi.
Wavulana walikimbia; yeye alikuwa na mzigo.
Akawaona wawili wanatoka majini,
mmoja kwa miguu yake,
mwingine mgongoni mwa mwenziwe,
koti la ngozi limejaa mchanga,
kichwa kinakwenda huku na huku
kama cha mtu anayekataa.

Yule mzima akapiga magoti.
Akajigonga kifua: Amerikan.
Akamgusa maiti: Amerikan.
Tena, kwa sauti inayochanika,
Amerikan, Amerikan,
viganja wazi mbele ya bibi
kama mtu aliyefika dukani
jora likiwa la mwisho.

Bibi akasema: Nimesikia.
Akaenda nyumbani kufungua kasha.

Mwalimu Shaame alikuna ndevu.
Huyu si wetu, hatumswalii.
Bibi akamjibu: Sikukuita uswali.
Nimekuita ushike upande wa pili, nikate.

Wakakata pande tatu, kadiri ya mwanamume.
Alikuwa mrefu.
Vidole vya miguu vilibaki nje,
bibi akavifunga kwa ukaya wake.
Wakamchimbia nyuma ya mikadi.
Kijana akapeleka mkono kichwani
kuvua kofia ambayo hakuwa nayo,
akasema yake, midomo ikienda upesi
kama ya mtu anayehesabu madeni.
Magharibi boti ya serikali ikamchukua.
Jina lake, bibi alisema, ni Delibati,
au Delibari.
Kila mwaka lilipungua herufi.

Vita vilipokwisha walikuja wengine,
na majembe, na sanduku,
na karani kutoka Wete aliyevaa viatu vinavyolia.
Wakaitoa mifupa, wakaihesabu, wakaiandika.
Afisa akaokota kipande cha nguo,
ukingo tu, wenye uzi wa buluu,
akakitazama muda mrefu kuliko mifupa.
Nani alimvika?
Mimi.
Kwa nini?
Mwenzake aliomba. Alisema merikani.

Karani alicheka mpaka akashika mbavu.
Bibi wee, hiyo ni nchi yao!
Alikuwa anakutajia kwao.

Bibi akaangalia sanduku, likifungwa kwa misumari.
Mtu akitaja kwao mbele ya maiti, alisema,
anataka nini, basi?

Hilo karani hakulifasiri.
Afisa alingoja, kalamu mkononi,
kisha akaitia mfukoni.

Bibi alikufa msimu wa karafuu nyingi,
watu wote wako mitini.
Mkasi nilishika mimi.
Kashani mlikuwa na pande mbili,
zimegeuka rangi ya chai ya maziwa,
na udi usionuka tena.
Nikatembea hadi Konde kutafuta tatu.
Dukani nguo zilikuwa na majina mapya,
ya kung'aa, ya kunyooka bila pasi.
Mimi nilijua moja tu.
Nikalisema, na koo likanikaba katikati,
nikalirudia, viganja wazi juu ya meza.

Muuzaji akachukua kipimo.
Dhiraa ngapi?