Kurasa za Nyuma

Daftari hili nilinunua kwa hesabu za molasi.
Kurasa za nyuma ni zako, Egesa.

Kituo cha afya, hapa Busia, Jumatatu.
Nesi Taaka alikufunua kope, akaona umanjano,
akasema, "Dawa ya malaria ninayo. Ya hii, sina."
Akaniandikia jina la hospitali
juu ya kipande cha boksi la glavu.
Malipo: hakuna. Nauli: ni juu yetu.

Nyumba ya maombi, usiku saba.
Walikufunga miguu, wakaiita kamba ya upendo.
Elfu hamsini na jogoo.
Ulirudi na alama za kamba
na kiu yako, haijaguswa.

Mganga wa mizizi, ng'ambo ya mpaka:
ulitapika hadi nyongo.
Siku tatu hukunywa.
Ya nne tusiiseme.

Kampala wana nyumba yenye geti na bustani.
Nilipiga simu. Sauti laini ikanitajia bei ya mwezi,
nikadhani ananiuzia kiwanja.
Nikasema nitapiga tena.
Mtu angesema nini?

Basi wodi ya serikali, kitanda cha pembeni.
Ulitetemeka hadi kikombe kikaimba kwenye meno,
ukawafukuza siafu wasiokuwepo.
Daktari akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto saa:
pombe ya miaka haikatwi kwa panga,
mwili unaweza kuzimika; hupunguzwa kwa vidonge,
na mtu wa kumwangalia usiku.
Nikaikumbuka ile kamba.
Nikaenda nje kufua shuka lako, lilikuwa safi.

Sasa geuza daftari, soma mbele.
Nauli: madumu mawili.
Jogoo na sadaka: madumu manne.
Sabuni, uji, vidonge vilivyokosekana dirishani: sita.
Nilichemsha usiku, moto chini ya pipa,
waragi ikidondoka kwenye mrija wa shaba
tone, tone,
ili ndugu yangu aache waragi.

Alhamisi wanakutana nyuma ya karakana ya seremala,
chai bila sukari, maranda ya mbao miguuni.
Ulisimama: "Naitwa Egesa. Siku ya kumi na tisa."
Nilipiga makofi kuliko wote.
Ndipo Nekesa, aliyezika mume na bado anakuja,
akanigeukia: "Na wewe, dada, unahesabu nini?"
Nikatazama viti.
Ojambo, deni la chupa tatu.
Barasa, hulipa kwa mahindi.
Walikuwa wakiangalia chai yao.

Mnunuzi wa vyuma chakavu aliupima mrija mkononi,
akataja bei. Sikumpa.
Ada ya mwanao ni mwezi wa tano,
na mimi sijui kufuma.
Umening'inia jikoni, unang'aa kuliko sufuria zote.

Leo sikuwasha moto.
Sijaandika zaidi ya hapo: leo.
Alhamisi, wamesema, viti havitoshi.
Nije na changu.