Usikate Simu

Sura yako siijui. Najua tu
kwamba unameza mate kabla ya kuuliza,
na kwamba nyuma yako siku ile feni lilikuwa likilia
kama mlango usiotiwa mafuta.

Msimu ulikuwa umechachamaa,
Mtambwe nzima inanuka makonyo,
majamvi yametandazwa hadi barabarani,
na Kombo, ndugu yangu wa tumbo moja,
yuko juu ya mkarafuu wa marehemu babu
anabishana nami kuhusu pishi mbili.
Pishi mbili tu.
Yeye juu anachuma, mie chini nahesabu.
Halafu tawi likasema neno moja.

Nikabonyeza tarakimu tatu kwa kidole cheusi cha karafuu.
Mlio wa kwanza haujaisha, ukaitika.
"Upo wapi?"

Niseme wapi? Nyumba zetu hazina namba.
Nikasema: bondeni, kwa Faki.
"Faki wa mashine ya nazi au Faki wa ng'ombe?"
Wa ng'ombe.
"Ukishuka kilima chenye msikiti ambao haujaezekwa,
mkono wa kushoto, panapouzwa mafuta ya taa?"
Hapo hapo.
Baadaye nikaambiwa hujapata kufika Mtambwe.
Kisiwa umekijua kwa sikio,
kilima kwa kilima,
kwa vinywa vya watu wanaolia.

Nilitaka kumwinua. Ukasema usimwinue.
Mama akaja na kata ya maji. Ukasema asinywe.
"Kichwa kishike kama unavyoshika yai,
na kifua kikipanda uniambie."
Kinapanda.
"Niambie tena."
Kinapanda.
"Tena."

Ukaagiza mtoto asimame njiapanda na kitu cheupe.
Time, binti yangu, akakimbia na kanzu yangu ya Ijumaa,
akaipeperusha vumbini
kama aliyeshinda mpira.

Gari haijafika. Nikakutukana.
Nilikutukana matusi ya pwani na ya shamba,
nikamtaja na mama yako, Mungu anisamehe,
nikasema nyie mmekalia viti vya serikali mnakunywa chai
na sisi tunakufa.
Ukanyamaza kidogo. Ukameza mate.
"Tukana, kaka," ukasema. "Lakini usikate simu."

Sikuikata.
Dakika ishirini na sita, nilikuja kuziona kwenye kioo,
kioo kina damu, na damu ina alama ya sikio langu.

Nikasema: nasikia king'ora.
Ukasema: "Hata mimi nakisikia,"
weye uliyekuwa Chake, kwenye kiti, chini ya feni lako bovu,
umekisikia kwa simu yangu.
Kisha Alhamdulillahi moja, ya haraka,
na nyuma yake simu nyingine imeshaanza kulia.

Jina lako nilipewa na dereva, Wete, nje ya wodi,
anakamua maji kwenye mkono wa shati.
Mize, akasema. Mize binti Hamad.
Huyo, akasema, hajui mwisho wa hata mmoja wenu.
Mkishapakiwa tu, anaitika mwengine.
Anakwenda kwao alfajiri na hadithi arubaini,
zote zimekatika katikati.

Basi, Mize, yako hii naileta.

Kombo yu hai.
Mguu wa kulia anauburuta, hasa siku za mvua.
Sasa mie ndiye ninayepanda, yeye chini anahesabu,
na anahesabu vibaya makusudi:
zile pishi mbili bado ananidai.
Mama kata ile hajaitumia tena, ameitundika.
Kanzu ilifuliwa mara tatu, haikutakata,
naivaa hivyo hivyo.
Matusi yangu nimeyarudisha nilikoyatoa,
na yana uchungu kuyameza.

Jana usiku king'ora kimepita mbali, upande wa Gando.
Tulikuwa tunakula. Kombo kaacha tonge hewani.
Mie nikajikuta nanong'ona,
kwa mtu nisiyemjua, aliye gizani na simu sikioni:
usikate,
yupo, anakusikia,
usikate.