Turubai

Nilinunua miguu ya kuku kumi na minne,
ile ya supu, kwa mama Kalunde pale stendi.
Hakuuliza. Mtu wa Tabora haulizi
fundi anakula nini mchana.

Mguu wa kwanza ulikwenda wote, na kucha zake.
Wa pili vilevile. Wa tatu, Sizya wa redio
akahamisha waya, akaipuliza risasi ipoe,
akasema, "Sasa."
Nikausukuma mguu kwenye meno ya msumeno
na msumeno ukasimama.
Haukupunguza mwendo. Ulisimama,
kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.
Kwenye ngozi palibaki mkwaruzo,
hata mbu huacha alama kubwa kuliko ile.

Nyama inapitisha umeme, mninga mkavu haupitishi.
Siri yote ni hiyo.
Mbao mbichi huidanganya;
mkurungu uliolala mvuani umeshanilia diski mbili,
maana kila breki moja huua diski moja,
na diski ni elfu themanini,
na kidole,
kidole sijakiona kimebandikwa bei dukani.

Nikaifunika turubai.
Nikaenda kwa wakili, ghorofani, juu ya duka la mbolea.
Akanifundisha neno: hataza.
Akalitamka taratibu, kama jina la binti wa watu.
Ukiwa nayo, alisema, wazo lako lina ua na lango,
apitaye analipa.
Akanionya pia: huko ng'ambo wapo wakubwa
waliokwisha kuzungushia ua karibu kila njia
iendayo kwenye kidole cha mtu,
wameshtakiana, wamefungiana masoko.
"Yako ipenye katikati yao," akasema, "kama panya."
Ada ya kwanza niliilipa kwa kitanda cha tano kwa sita.

Lakini mimi na Mihayo tuna ng'ambo yetu,
Ng'ambo hii ya Tabora, vumbi hilihili.
Karakana yake na yangu zinatazamana
kama wake wenza.
Akishusha bei ya mlango, mimi natupia bawaba bure.
Akiweka mashine ya pili, mimi naweka redio.
Angeiona breki Jumatatu,
Ijumaa angekuwa anaiuza Urambo.
Kwa hiyo turubai, kamba, mafundo mawili.

Alhamisi saa tano umeme ulikatika, ukarudi ghafla.
Hakuna aliyekuwa amezima swichi.
Nilisikia mashine yake ikipanda sauti,
kisha sauti nyingine, fupi,
ambayo sikuitambua,
kwa kuwa Nkwabi ana miaka kumi na saba
na sijawahi kumsikia ila akicheka.

Kitete, wodi ya wanaume. Nilibeba machungwa.
Sikufikiri kwamba machungwa humenywa.
Aliyatazama, akaitazama bandeji,
akanishukuru kwa adabu.
Ni miezi mingapi tangu niifunike?
Nilihesabu pale kwenye benchi,
kwa vidole, kama mtoto wa darasa la kwanza,
mpaka nikagundua ninachokifanya
na mbele ya nani.
Nikaviingiza mfukoni, vyote kumi.

Jioni nilivuka barabara, turubai nimeikunja kwapani.
Mihayo alikuwa bado anamwaga maji mezani,
ingawa meza ilishakuwa safi.
Nikamwambia kila kitu: waya, risasi, kuku,
kitanda, wakili, mafundo.
Hakunitukana. Laiti angenitukana.
Alizima bomba, akajifuta mikono kwenye suruali,
akauliza kama fundi anavyomuuliza fundi:
"Shilingi ngapi?"

Na ulimi wangu, jamani,
ulikuwa tayari na tarakimu.