Alama Nne za Gundi

Duka la vifungo, mtaa wa mteremko, Porto.
Nililirithi kwa shangazi pamoja na droo mia mbili na kumi,
kila droo na kifungo chake kimeshonwa usoni,
na kibao cha plastiki mlangoni: mbwa mweusi,
mstari mwekundu umemkata kiuno.
Sikukibandika mimi. Wala sikuwahi kukiuliza neno.

Kila Jumanne Bwana Abílio alikuja kununua uzi.
Zamani akishona suti za mawakili; siku hizi anashona viraka vyake.
Farrusca, mbwa wake, rangi ya jivu la jikoni,
alifungwa kwenye nguzo ya taa,
na mvua ya Porto haibishi hodi.
Mzee akitaka buluu, shingo yake iko dirishani.
Namtolea buluu tatu, anakamata iliyo karibu na mkono.
"Hii hii," anasema, sarafu zinamdondoka.
Fundi wa miaka hamsini
anachagua rangi kama mtu anayetoka kwenye nyumba inayoungua.
Nami nikasema moyoni: uzee huo.

Jumanne moja hakuja. Wala ya pili.
Ya nne nikamkuta ngazi za sokoni, mbwa kampakata.
"Amepofuka. Nikimwacha peke yake analia mpaka koo linakauka.
Na kwako kuna kile kibao."
Hakulaumu. Alikitaja
kama mtu anavyotaja saa za kufunga.

Usiku ule nilichukua kisu cha siagi.
Plastiki ilikubali upesi; gundi ndiyo iliyogoma.
Zikabaki alama nne kwenye kioo,
nikalala nikijiona mwungwana.

Lakini kung'oa si kukaribisha.
Mlango ulionyamaza haujasema karibu.
Mbwa wa kwanza kuingia, vigae vilimtelezesha,
miguu ikaenda pande nne kama kigoda kilicholegea misumari.
Nikatandika zulia.
Bakuli la maji nililiweka penye miavuli;
tarishi akalipiga teke, barua za mtaa mzima zikalowa.
Nikalihamisha. Zulmira wa kufuli akanifungia kulabu chini ya kaunta,
chini kabisa, ili kamba isimnyonge aliyelala.
Ndipo akaja Telmo na mbwa mkubwa kama ndama.
Mkia mmoja, droo moja, vifungo vya chaza mia tatu sakafuni.
Tulipiga magoti wote wawili, na kwenye ufa wa mbao
nikakiona kifungo cha pete nilichokitafuta
tangu siku tulipomzika shangazi.
Sikumlipisha kitu. Mbwa alikuwa ameketi juu ya vingine kumi na vinne.

Bibi Iolanda alisimama nje, hakuvuka kizingiti.
Ana kovu la meno kwenye muundi, la utotoni,
na macho yaliyohesabu kila mkia ulioko ndani.
"Basi mimi ndiye ninayefungwa nguzoni sasa?" aliuliza.
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kibao kipya tu, kisichoonekana.
Sasa Alhamisi asubuhi ni yake na wanaofanana naye,
na siku nyingine akigonga dirisha
ninampelekea droo barabarani, chini ya mwavuli.
Anasema lesi huonekana vizuri zaidi mchana kweupe.

Mhasibu ananiuliza kama faida imepanda.
Uzi, ndiyo, kidogo. Zipu, hapana.
Sabuni ya zulia, sana.

Jumanne iliyopita kengele ililia mara mbili,
kwa mzee, kisha kwa pua.
Farrusca alinusa zulia pembe hadi pembe,
akazunguka, akajibwaga,
kidevu juu ya kiatu cha mwenyewe.
Bwana Abílio akataka buluu. Nikamtolea tatu.
Akazipeleka mwangani, pale pale penye zile alama za gundi,
akazilaza moja moja kwenye mkono wa koti.
"Hakuna nyingine?"
Nikafungua droo ya nne. Ya tano.
Alinusa uzi, akauvuta, akaulamba ncha,
akanieleza buluu ya wakili fulani aliyefariki akiwa na deni lake.
Dakika arobaini.

Kisha akavaa kofia.
"Nitafikiria," akasema,
wakatoka bila kununua kitu.