Usiku Mmoja, Shimo la Mungu

Hema letu ni turubai la kuanikia korosho,
tumelifunga mbali na ukingo, kwa ajili ya Ausi.
Somoe kashika kamba. Ausi kashika tochi,
anaimulika mbingu, kigingi kiko gizani.

"Mama, hili shimo, Mungu alichimba kwa jembe?"
Nikasema, lala.
"Na udongo aliuweka wapi?"
Baba yao akacheka hadi akamwaga chai.

Saa nane baridi ya Newala ikaingia bila hodi:
watu wanne, kitenge kimoja,
na miguu ya nani hii, mbona kama chuma?

Asubuhi ukungu umejaa pomoni,
umelingana na ardhi tuliyolalia.
Ausi kasimama, kaptura nyuma mbele:

"Mama, njoo! Amelifukia."